Uzi maalumu: Syracuse 1959, bingwa aliyetawazwa kabla ya mechi ya mwisho

MzeeWaMakabrasha (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu niliuahidi tangu Ramadhani na nimekuwa nikiukwepa kama mtu anayedaiwa. Leo mvua imenifungia ndani, umeme upo, chai ipo, sina kisingizio. Twende.

Wengi wenu mnamjua Ernie Davis kwa ile filamu ya 2008. Kijana mweusi, mbio, tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo, saratani ya damu, kilio. Kilio sina ugomvi nacho. Ninachogomba ni kwamba watu wametoka pale wakiamini timu ya Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York, ya 1959 ilikuwa mtu mmoja anayekimbia na wenzake kumi wanampigia makofi. Hapana. Ile timu kwanza ilikuwa ukuta. Davis alikuwa mlango mzuri kwenye ukuta huo.

Kwa wasioujua mchezo: hii ni futiboli ya Kimarekani, mpira umechongoka kama papai dogo. Uwanja una yadi 100 kutoka mstari wa goli hadi mstari wa goli. Mnapewa majaribio manne kusogea yadi 10. Mkifaulu mnapewa mengine manne, mkishindwa mpira unakwenda kwa wenzenu. Ukiuvusha mstari wa mwisho ni tachidauni, pointi 6. Halafu mnapewa nyongeza: ukipiga teke likapita kati ya milingoti ni pointi 1, ukiuvusha tena kwa mkono ni 2. Hiyo ya 2 ilikuwa bado mbichi, iliingia vyuoni 1958.

Shikeni na hili, litatufaa mbele. Siku zile sheria ilibana sana mabadiliko ya wachezaji. Leo kuna kikosi cha kushambulia na kingine cha kukaba, mtu akimaliza zamu yake anakaa benchi na blanketi. Mwaka 1959 wewe uliyekimbia na mpira ndiye uliyebaki kukaba ukipokonywa. Hakuna kupumua.

Sasa ratiba, vyuo walivyokutana navyo na matokeo, pointi za Syracuse kwanza. Nimeiandika kwenye kijitabu changu, naiweka kama ilivyo:

Kansas 35-21
Maryland 29-0
Navy 32-6
Holy Cross 42-6
West Virginia 44-0
Pittsburgh 35-0
Penn State 20-18
Colgate 71-0
Boston University 46-0
UCLA 36-8

Jumla 390 kwa 59. Mechi tano hawakuruhusu hata pointi moja. Na hizo 59 zenyewe zichambueni: 21 ni za siku ya kwanza, vijana hawajazoeana. 18 ni za Penn State, tutafika. Zinazobaki ni 20 tu, kwa mechi nane.

Narudi, naweka maji ya chai.

KijanaWaMbagala

Nimeweka kambi. Mzee shusha, usitufanyie kama ule uzi wa reli uliouacha njiani.

Mkulima_Mbozi

71-0 hiyo siyo mechi, ni msiba wa ukoo. Colgate walikuwa wanacheza na nini?

MzeeWaMakabrasha

Mkulima, Colgate na Syracuse ni majirani, utani wao ni wa zamani. Na hawakuanza kuumia 1959. Mwaka 1956 Jim Brown wa Syracuse, ndiyo yule yule aliyekuja kuwa nyota wa ligi ya kulipwa, aliwafunga Colgate pointi 43 peke yake katika mechi iliyoisha 61-7. Tachidauni sita na mateke saba ya nyongeza. Mtu mmoja.

Tuendelee. Kocha.

Jina lake Ben Schwartzwalder. Ukimwona pichani ni babu mfupi mwenye miwani, ungedhani ni karani wa posta. Huyu bwana aliruka kwa parachuti usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944 kuingia Normandy, akiwa afisa katika divisheni ya 82 ya askari wa miavuli wa Marekani. Akarudi na nishani ya Silver Star na cheo cha meja. Ujana wake aliwahi kucheza katikati ya mstari wa mbele wa West Virginia akiwa na kilo sabini hivi, mahali wanapowekwa majitu. Akaingia Syracuse 1949, timu ikiwa hoi.

Mtu wa namna hiyo anaamini nini? Anaamini ardhi. Pasi za mbali alizitumia kama chumvi. Timu yake ilikuwa inakusukuma, inakusukuma tena, halafu inakusukuma. Msimu ule walikwenda wastani wa yadi 313.6 kwa mbio peke yake kila mechi. Ukijumlisha na pasi ni 451.5, namba moja nchi nzima.

Upande wa pili ndiko kunakonikosesha usingizi. Wapinzani walipata wastani wa yadi 96.2 kwa mechi, mbio na pasi zote pamoja. Uwanja ni yadi 100. Maana yake mechi nzima, saa nzima ya mchezo, ukiunganisha kila hatua waliyopiga, hawakufikisha urefu wa uwanja mara moja! Na kwa mbio peke yake walipata yadi 19.3. Mnaosikiliza mpira redioni mnajua boksi la kumi na nane. Ni kumi na nane kwa sababu ni yadi 18. Chukua timu kubwa ya chuo, mpe mpira na mechi nzima ya kukimbia, jioni unakuta amevuka boksi la kipa kwa hatua moja na ushee.

Hata huo ushambuliaji wa namba moja ulitoka kwa watu wale wale, kwa sababu hakukuwa na kikosi kingine. Magazeti yaliwaita "Sizeable Seven", yaani saba wenye miili. Fred Mautino na Gerry Skonieczki pembeni, Bob Yates na Maury Youmans, Roger Davis na Bruce Tarbox, Al Bemiller katikati. Roger Davis hana undugu na Ernie. Mwaka ule ni Roger aliyekuwa katika kikosi bora cha Marekani. Ernie alikuwa kijana wa mwaka wa pili, msimu wake wa kwanza, maana mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kuchezea timu kubwa.

DadaPili

Mzee shikamoo. Nina swali, usinicheke. Umeandika "kutawazwa kabla ya mechi ya mwisho". Bingwa anatawazwaje kabla ya kumaliza? Fainali iko wapi?

MzeeWaMakabrasha

Marahaba mwanangu. Sikucheki, hilo ndilo swali lenyewe.

Fainali haikuwepo. Vyuo vilikuwa vingi mno, kila kimoja kinacheza mechi kumi tu na wale kilichokubaliana nao. Bingwa wa taifa alipatikana kwa kura. Waandishi wa habari wa shirika la AP walipiga yao kila wiki, makocha wakapiga ya kwao chini ya shirika lingine la habari, UPI. Kura ya mwisho ilipigwa mwanzoni mwa Desemba. Baada ya hapo, Januari mosi, timu bora zilialikwa kwenye mechi za heshima zinazoitwa Bowl, yaani bakuli: Rose Bowl, Sugar Bowl, Orange Bowl, Cotton Bowl. Kwa hiyo ungeweza kuwa bingwa Desemba, ukapigwa Januari, na ukabaki bingwa.

DadaPili

Hee! Kumbe ni kama mashindano ya urembo.

KijanaWaMbagala

Wangeleta mfumo huu kwetu, washabiki wa Kariakoo wangepiga kura tangu Agosti.

MzeeWaMakabrasha

Na kura hizo zilikuwa na mazoea yake. Timu za kaskazini mashariki zilionekana laini. Mabingwa walitoka Kusini, au Oklahoma, au Notre Dame. Syracuse yenyewe ilikuwa na rekodi ya aibu kwenye mabakuli. Orange Bowl ya 1953 Alabama waliwapiga 61-6. Cotton Bowl ya 1957, Jim Brown akiwemo, walifungwa na TCU 28-27, teke moja la nyongeza likazuiwa, basi. Januari 1959 Oklahoma wakawapiga 21-6. Mara tatu walikwenda, mara tatu walirudi mikono mitupu.

Sasa msimu wa 1959. Namba moja ni LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, mabingwa wa 1958, na Billy Cannon wao ambaye mwaka ule ndiye aliyechukua Heisman. Syracuse wanapanda ngazi taratibu, wanapiga watu, watu wanasema "ndiyo, lakini wamempiga nani?"

Jumamosi ya tarehe 7 Novemba mambo mawili yakatokea siku moja. Kule Tennessee, LSU wakafungwa 14-13. Walifunga tachidauni mwishoni, wakaamua kutafuta pointi 2 badala ya moja ya sare, Cannon akabeba mpira, akazuiwa kwenye mstari. Na kule Pennsylvania, Syracuse walikuwa uwanjani na Penn State, nao wote hawajafungwa.

Hii ndiyo mechi ninayoipenda kuliko ile ya Dallas na Texas, tutakayoifikia. Ndiyo pekee ambayo ukuta ulipasuka. Penn State walikuwa na Richie Lucas, aliyeshika nafasi ya pili nyuma ya Cannon kwenye Heisman. Roger Kochman akadaka mpira wa kuanzia akakimbia nao yadi 100, uwanja mzima. Ikawa 20-18. Tachidauni tatu kwa tatu. Tofauti yote iko kwenye nyongeza: Penn State walijaribu tatu wakakosa tatu. Halafu Syracuse wakafanya kile ambacho mzee wa parachuti alikuwa anakifundisha miaka kumi. Walipopata mpira dakika za mwisho hawakuurudisha tena. Yadi tatu, yadi nne, yadi tatu. Wakamaliza saa. Penn State wanaona mpira, hawaugusi.

Mtu akiniuliza ubingwa ulipatikana wapi, nitamwonyesha hapo. Haukupatikana Dallas.

Mkulima_Mbozi

Hapo nimekuelewa mzee. Ni kama ng'ombe wa kulimia, hana mbwembwe lakini jioni shamba limeisha.

Nyakwar_Kisumu

Mzee, niongeze kidogo kutoka upande wetu. Septemba ya 1959, wakati hao wanaanza na Kansas, ndiyo ile ndege ya wanafunzi aliyoipanga Tom Mboya ilitua New York na vijana 81. Hawakwenda wote mahali pamoja, walisambazwa vyuo mbalimbali Marekani na Kanada. Huwa nawaza, yule kijana ametoka Nyanza, wiki ya tatu anaona umati umejaa uwanjani wanashangilia papai, baridi inamkata masikio. Aliandika nini nyumbani?

Na hao Syracuse wenyewe tunawajua. Miaka ya sitini ndio walionakili kwa maikrofilamu nyaraka za Hifadhi ya Taifa ya Kenya. Mpaka leo mwanahistoria wa Kenya anaweza kujikuta anasoma barua ya mkuu wa wilaya ya Kakamega akiwa amekaa Syracuse, nje theluji.

MzeeWaMakabrasha

Nyakwar, asante sana. La nyaraka nalijua, la kuzikutanisha tarehe sikuwahi kufikiria.

MbishiWaKwanza

Mzee heshima yako, lakini unapunguza makali ya jambo. Unatupigia hesabu za yadi wakati habari yenyewe ni ubaguzi. Kwenye filamu tumeona West Virginia wanawarushia chupa, Davis anatolewa asifunge tachidauni mbele ya wale wazungu. Hilo huligusi?

MzeeWaMakabrasha

Nilikuwa nakusubiri wewe.

Mechi ya West Virginia, 44-0, ilichezwa Syracuse. Nyumbani. Uwanja wa Archbold, ule wa zege wa mwaka 1907. Morgantown, kwao West Virginia, hawakukanyaga mwaka ule. Hizo chupa ni za watengeneza filamu. Dick Easterly, aliyekuwa kwotabeki, yaani mpanga mashambulizi, kwenye kikosi kile, aliwaomba radhi hadharani watu wa West Virginia kwa jambo ambalo halikutokea.

Linaniudhi, na sababu ninaisema. Ubaguzi uliotokea kweli ulikuwepo wa kutosha, una mahali na tarehe. Ukichomekea wa kubuni unampa anayekataa kila kitu fimbo ya kukupigia.

Mnataka wa kweli? Mwaka 1937 Syracuse ilikuwa na kijana anaitwa Wilmeth Sidat-Singh, fundi wa kurusha mpira. Alikuwa Mmarekani mweusi. Baba yake wa kambo alikuwa daktari kutoka India, ndiko jina lilikotoka, na magazeti yakawa yanamwita "Mhindu", chuo kikanyamaza. Timu ikaenda Baltimore kucheza na Maryland. Gazeti moja la watu weusi likaandika ukweli wa rangi yake kabla ya mechi. Maryland wakasema akiingia hatuchezi. Syracuse wakamkalisha. Wakafungwa 13-0. Mwaka uliofuata Maryland wakaja Syracuse, Sidat-Singh akacheza, ikaisha 53-0. Alikufa 1943 kwenye mazoezi ya urubani, akiwa mmoja wa marubani weusi wa Tuskegee.

Kwa hiyo unaposoma kwenye orodha yangu "Maryland 29-0", timu ina weusi watatu, Ernie Davis, Art Baker na John Brown, na hakuna aliyekalishwa. Kati ya hapo na pale ni miaka 22.

MbishiWaKwanza

Sawa, hilo la Sidat-Singh sikulijua. Nakubali nusu.

BintiKisarawe

Mbishi kukubali nusu ni sawa na wengine kukubali mara mbili. Mzee, Dallas.

MzeeWaMakabrasha

Dallas.

Desemba kura zikahesabiwa: Syracuse wa kwanza, Ole Miss, yaani chuo kikuu cha Mississippi, wa pili, LSU wa tatu, Texas wa nne. Siku chache nyuma walikuwa wamekwenda Los Angeles kuwapiga UCLA 36-8, kuwajibu waliosema hawajatoka nje ya ukanda wao. Mabingwa tayari. Sasa wanaalikwa Cotton Bowl, Januari mosi 1960, kucheza na Texas nyumbani kwa Texas. Kocha wa Texas ni Darrell Royal. Kikosi cha Texas cheupe pe; mchezaji mweusi wa kwanza kupata nafasi kwenye timu yao kubwa alikuja 1970. Vikosi vya Ole Miss na LSU navyo vilikuwa vyeupe vivyo hivyo.

Siku chache kabla, Davis akachanika msuli wa nyuma ya paja. Anachechemea. Kukawa na mashaka kama atacheza.

Mchezo haujafika dakika mbili. Gerhard Schwedes, nahodha, mzaliwa wa Ujerumani, anapewa mpira kama anayetaka kukimbia. Texas wote wanamfuata, maana hawa jamaa wanajulikana kwa kukimbia. Schwedes anasimama, anarusha. Davis yuko peke yake. Yadi 87, na huo mguu mbovu.

Hapo ndipo nawaambia mzee Ben aliitumia pasi kama chumvi. Ukipika siku kumi bila chumvi, siku unapoitia kila mtu ataisikia.

Davis akafunga ya pili kwa mbio fupi. Mapumziko 15-0. Kipindi cha pili Texas wakapata pasi ndefu ya yadi 69, ikawa 15-6. Na sasa kumbukeni nilichowaambia kuhusu kucheza pande zote mbili. Davis, mshambuliaji, yuko nyuma anakaba, ananasa pasi ya Texas. Kutokana na mpira huo Schwedes akafunga. Mwisho 23-14. Pointi 16 kati ya 23 ni za Davis: tachidauni mbili na nyongeza mbili za pointi 2. Akachaguliwa mchezaji bora.

Kabla tu ya mapumziko kulikuwa na ngumi. John Brown alisema alitukanwa rangi yake, akajibu kwa mkono, watu wakamwagika uwanjani. Hiyo ilitokea, wapo walioiona.

Halafu jioni, karamu ya kutoa zawadi. Hapa simulizi ni mbili. Moja inasema Davis aliambiwa mapema achukue zawadi yake aondoke, kwa kuwa ukumbi ni wa wazungu. Nyingine ni ya John Brown mwenyewe: walikula, timu moja upande huu na nyingine upande ule, zawadi zikatolewa, ndipo weusi watatu wakaombwa watoke, na watu wa Dallas wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, wakawachukua kwenda kwenye sherehe nyingine mjini. Schwedes akataka timu nzima itoke pamoja nao. Viongozi wa Syracuse wakakataa.

Mimi naishika ya Brown, yeye ndiye aliyeinuliwa kitini. Na kwangu iliyo nzito zaidi ni hiyo ya viongozi. Texas ya 1960 tulijua itafanya nini. Lakini mmekuja nao, mmeshinda nao, nahodha wenu anawaambia tutoke, mnasema kaeni mmalize keki.

DadaPili

Nimesoma hapo mara tatu. Huyo Schwedes amepanda bei kwangu.

KijanaWaMbagala

Na kocha? Mzee wa parachuti alisema nini siku ile?

MzeeWaMakabrasha

Tumtazame mwaka 1970, maana na mimi sitaki kumpaka mafuta. Wachezaji weusi wa Syracuse, kocha akiwa yule yule, waligoma. Walitaka kocha msaidizi mweusi, matibabu ya maana wanapoumia, msaada wa masomo kama wenzao, na nafasi zigawanywe kwa uwezo. Magazeti yakawaita "Syracuse Eight" ingawa walikuwa tisa. Walipoteza msimu, na wengine ndiyo ikawa mwisho wa mpira wao. Chuo kiliwaomba radhi 2006, nishani ikatolewa, nywele zimeshakuwa nyeupe.

Schwartzwalder alistaafu 1973 akiwa na ushindi 153 pale. Yote mawili ni yake.

MbishiWaKwanza

Sasa nakubali robo tatu. Lakini kuna wanaosema bingwa halali wa 1959 ni Ole Miss. Walifungwa moja tu na Sugar Bowl wakawachapa LSU 21-0.

MzeeWaMakabrasha

Wapo, na kuna wakokotoaji wa takwimu waliowapa Ole Miss. Ulinzi wao ulikuwa wa kutisha, sipingi. Lakini Syracuse 11 kwa 11, Ole Miss 10 kwa 11. Na waliofungwa nao Ole Miss ni hao hao LSU, 7-3, Cannon akirudisha mpira yadi 89 usiku wa sikukuu ya Halloween. AP na UPI wote walisema Syracuse. Wewe piga kura yako, hakuna anayekuzuia.

BintiKisarawe

Mzee, malizia Davis kwa wasiojua.

MzeeWaMakabrasha

Kwa kifupi, maana hii inajulikana. Alizaliwa Pennsylvania 1939, akakulia kwa babu na bibi, akiwa na miaka 12 akahamia Elmira, New York, kwa mama yake. Jim Brown mwenyewe alikwenda kumshawishi aje Syracuse, akapewa jezi ya Brown, namba 44. Msimu wa ubingwa alibeba mpira mara 98 kwa yadi 686, ni yadi saba kila akiugusa. Hadi anamaliza chuo alikuwa amezipita rekodi za Brown pale. Desemba 1961 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata Heisman, na Rais Kennedy, aliyekuwa New York siku hizo, akaomba kukutana naye. Timu ya Washington ikamchagua wa kwanza kwenye mgawo wa wachezaji wa kulipwa, ikambadilisha na Bobby Mitchell, akawa mali ya Cleveland Browns, pamoja na Jim Brown. Kiangazi cha 1962 ikagundulika ana saratani ya damu. Alikufa tarehe 18 Mei 1963, miaka 23. Hakucheza hata mechi moja ya kulipwa.

Msafiri_Upstate

Wakuu, mimi naishi huku, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Syracuse, nimepita pale mara nyingi kwa kazi ya kuendesha lori. Archbold haipo tena, walibomoa mwishoni mwa miaka ya sabini wakajenga uwanja wa kuba pale pale, ukafunguliwa 1980. Kwa theluji ya huku ninawaelewa.

Namba 44 waliistaafisha 2005. Lakini anwani ya posta ya chuo inaishia 44: 13244. Waliiomba makusudi.

Na kuna kichekesho. Sanamu ya Davis ilipozinduliwa 2008, watu wakatazama miguuni wakakuta viatu vina alama ya Nike. Nike, mwaka 1961, hata haijazaliwa! Ilibidi fundi aitwe aifute.

Mkulima_Mbozi

Yaani mpaka sanamu nayo ilitengenezwa na watu wa filamu.

MzeeWaMakabrasha

Mkulima umenimwagisha chai.

Msafiri, ukipita tena pale nitazamie kama majina ya wale saba wa mstari wa mbele yamebandikwa mahali popote. Ukiyaona piga picha uweke humu humu.

Msafiri_Upstate

Wiki ijayo nina mzigo wa Rochester, nitapinda kushoto nikaangalie.